Mdogo wangu wa Houston anataka kuniletea dawa mpya za tumbo

Shikamoo mama mfamasia,

Nina miaka 38, nauza vitenge Mbeya. Kila wiki ya tatu napanda basi kwenda Kariakoo kufuata mzigo, na safari hizo ndizo zilizonifanya nikuandikie.

Tumbo langu linaharisha. Siyo kila siku, ila wiki haipiti. Linaanza kusokota chini ya kitovu, na hapo hapo lazima nikimbie. Nikitoka chooni napata ahueni, nikikaa kidogo linaanza upya. Asubuhi ndiyo balaa, naweza kwenda mara nne kabla sijafungua duka, na kinachotoka ni maji ya njano. Nikila chipsi mayai au wali wa nazi, nusu saa haiishi. Siku nyingine linaniamsha saa tisa za usiku. Damu sijawahi kuona. Kukonda sijakonda, tena mume wangu anasema nimeongezeka.

Makonda wa njia ile wananijua. Wakitangaza tushuke tukachimbe dawa, mimi nimeshafika kichakani. Tatizo ni Mikumi. Pale hifadhini basi halisimami, tembo na nyati wako pembeni ya lami, ukimwomba dereva anakwambia vumilia tutoke mbugani. Mwaka jana mwezi wa tano sikuweza kuvumilia. Sitaandika yaliyonikuta, niseme tu kitenge nilichojifunga siku ile sikufika nacho Morogoro. Tangu hapo nikiwa na safari, siku nzima ya jana yake sili. Nikishinda na njaa tumbo linatulia kama la mtu mwingine.

Nimetibiwa taifodi mara tano. Nimetibiwa amiba, sikumbuki mara ngapi. Nimekunywa dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo, miezi mitatu mfululizo. Shangazi yangu akasema hili ni chango, nikachemsha mizizi, ikawa kama kumwagia petroli motoni. Mwaka jana nikaenda hospitali moja kubwa. Wakapima choo, wakapima VVU, vyote salama. Daktari akasema nina IBS, yaani utumbo wangu ni mwepesi kuchokozeka, hauui, nipunguze mawazo. Akanipa mebeverine. Kusokota kumepungua kidogo, mbio za chooni ziko pale pale.

Mimi mama sina historia ya magonjwa. Ukiondoa uzazi, nimelazwa mara moja tu, 2021, walipotoa mfuko wa nyongo kwa sababu ya vijiwe. Hilo lilipona vizuri. Hili la kuharisha limekuja baadaye, kama 2022 hivi, wala halihusiani.

Sasa mdogo wangu yuko Houston. Amesoma mtandaoni kwamba Marekani kuna dawa mpya kabisa za IBS, akanitumia majina: Viberzi, Xifaxan, Linzess na Ibsrela. Rafiki yake anakuja nyumbani mwezi ujao, atazibeba. Mume wangu anasema zije zote nijaribu moja moja. Naomba uniambie ni kweli dawa hizo zipo, nianze na ipi, na je, nitapona?

Mwenye Kitenge, Mbeya

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa la Mikumi. Nilikaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka 31, na watu wengi wamenieleza habari za namna hiyo kwa kuinama na kunong'ona, huku wakisingizia kwamba dawa ni ya jirani. Wewe umeiandika waziwazi, na kwa kuandika waziwazi umenipa jambo ambalo wengine wote waliokutibu huenda hukuwaambia.

Dawa zipo, zote nne ni za kweli. Usianze na yoyote. Na Viberzi usiiweke mdomoni hata siku moja, hata nusu kidonge, hata kama rafiki wa mdogo wako ameshafika uwanja wa ndege nayo.

Viberzi, ambayo jina lake la kitaalamu ni eluxadoline, iliruhusiwa Marekani Mei 2015 kwa ajili ya watu wenye IBS ya kuharisha, watu wanaofanana na wewe kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Machi 2017 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ikatoa onyo. Walikuwa wamepokea taarifa 120 za watu waliopata uvimbe mkali wa kongosho au kufa baada ya kuitumia. Katika wale 68 ambao taarifa zao zilieleza kama wana mfuko wa nyongo au hawana, 56 hawakuwa nao. Wawili walifariki, na wote wawili walikuwa wameshatolewa mfuko huo. Wengine walizidiwa baada ya kidonge cha kwanza au cha pili tu. Dawa hii ni ya jamii ya afyuni, inabana misuli, ikiwemo ile ya mlango mdogo ambapo nyongo na maji ya kongosho huingilia utumboni. Mwenye mfuko ana mahali pa kupumzishia nyongo mlango ukibana. Wewe huna.

Ile sentensi yako ya 2021, uliyoiandika kama kuomba radhi kwamba huna historia ya magonjwa, ndiyo historia yenyewe.

Sasa sikiliza, maana haliishii kwenye Viberzi. Unasema kuharisha hakuhusiani na upasuaji kwa sababu kulikuja baadaye. Mimi nadhani kuna uwezekano mkubwa kwamba vinahusiana. Ini linatengeneza nyongo mchana na usiku. Mfuko ukiwepo, nyongo inahifadhiwa humo, ukila mafuta mfuko unajikamua. Mfuko ukiondoka, nyongo inatiririka utumboni wakati wote. Karibu yote hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini, lakini ikizidi kiasi, inayobaki inaingia utumbo mpana, na huko asidi za nyongo zinavuta maji na kuuchokoza ukuta. Matokeo ni kuharisha maji ya njano, kwa haraka isiyosubiri, hasa asubuhi na baada ya chakula cha mafuta. Ukishinda na njaa, tumbo linatulia. Rudia barua yako uone.

Watu wengi waliotolewa mfuko hawapati shida hii, ndiyo maana hakuna aliyekutahadharisha. Na wapo wenye mfuko wao salama wanaoipata vilevile. Watafiti waliowapima watu walioambiwa wana IBS ya kuharisha wamekuta karibu mmoja katika kila wanne ana tatizo la asidi za nyongo. Robo nzima ya watu hao wangeweza kuzunguka miaka na jina ambalo si lao.

Kuna la pili: saa tisa za usiku. IBS kwa kawaida hulala mwenyewe anapolala. Tumbo linalomwamsha mtu usingizini ni ishara kwamba lipimwe upya kabla ya kuitwa IBS, hata kama hakuna damu wala kukonda. Daktari wako hakukosea kulitaja jina hilo kwa yale aliyoyasikia. Maumivu kila wiki kwa miezi, yanayoandamana na kwenda choo na choo kubadilika, ndivyo vinavyosema vigezo vya Roma vya 2016, mwongozo wa kimataifa wa kuitambua IBS, na hicho ndicho kitabu cha madaktari. Ila nina hakika aliuliza "una ugonjwa wowote mwingine?" nawe ukajibu hapana.

Kwa hiyo unarudi hospitali, na safari hii unaanza na nyongo. Sema hivi: "Nilitolewa mfuko wa nyongo 2021, naharisha maji tangu 2022, naamka usiku, nikifunga linatulia. Inaweza kuwa asidi za nyongo?" Uingereza wana kipimo cha kumeza kapsuli yenye chembe ya mionzi kisha kupiga picha baada ya siku saba. Hapa kwetu usikitegemee. Kinachofanyika kipimo kisipopatikana ni kujaribu dawa yenyewe, nayo ni colestyramine. Ni unga kwenye pakiti, dawa ya miongo mingi iliyokuja kwa ajili ya kushusha kolesteroli. Kazi yake ni kuikamata nyongo utumboni na kutoka nayo. Mtu akiwa na tatizo hili mara nyingi huona tofauti ndani ya siku chache, na tofauti hiyo inakuwa kama kipimo.

Si dawa ya kila duka. Mfamasia wa hospitali ya rufaa ndiye wa kumuuliza, aiagize kama haipo. Ina ladha ya mchanga, sitakudanganya. Inakorogwa kwenye maji au juisi, hailambwi kavu. Inaanzwa kidogo, maana ikizidi inafunga choo na kujaza gesi. Na kwa kuwa haichagui cha kukamata, inakamata na dawa nyingine: chochote unachomeza, kimeze saa moja kabla yake au saa nne hadi sita baadaye. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie daktari kabla, maana navyo vinaweza kunaswa, na sitaki uniandikie barua ya pili yenye habari tofauti.

Daktari atakapokuwa anakupima, aangalie pia damu kwa upungufu na tezi ya shingo, arudie choo kwa ajili ya giardia, kijidudu cha utumboni, na kama uliwahi kuishi kando ya Ziwa Victoria mwambie, ili aangalie kichocho cha matumbo. Maziwa nayo acha wiki mbili uone, kwani watu wazima wengi wa kwetu hatuyamudu.

Taifodi mara tano imenichefua, si kwa sababu yako. Kipimo cha Widal wanachotumia vituo vingi kinatafuta askari wa mwili, na askari hao wanaweza kuwa wamebaki kutoka ugonjwa wa zamani au wameamshwa na kitu kingine kabisa. Taifodi ni homa, tena homa ya kukulaza kitandani. Mtu anayeharisha miaka miwili bila homa, anauza duka na kupanda mabasi, hana taifodi. Kila duru ya siprofloksasini na Flagyl uliyomeza bure ilivuruga bakteria wa utumbo wako bila kugusa nyongo. Nami nimewahi kutoa duru kama hizo kwa karatasi za madaktari, nikijua, nikanyamaza. Ni kazi iliyonifundisha kunyamaza kuliko ilivyopaswa.

Turudi kwenye orodha ya mdogo wako, maana ni kijana mwenye upendo na anastahili kujibiwa.

Linzess na Ibsrela ni za IBS ya kufunga choo. Linzess, iliyoruhusiwa 2012, imeundwa kwa kufanana na sumu ya bakteria wa koli, ile ile inayowaharisha wasafiri. Ni ubunifu mkubwa, sumu iliyogeuzwa kuwa tiba ya mtu ambaye hajaona choo siku tano. Ibsrela, ya 2019, inazuia chumvi isifyonzwe ili maji yabaki utumboni. Wewe ukimeza mojawapo Mbeya, Makambako hufiki. Mdogo wako aliona herufi tatu, IBS, hakujua kwamba ugonjwa huu una sura zinazopingana na dawa ya sura moja ni adui wa nyingine.

Xifaxan ndiyo pekee yenye hoja. Ni rifaximin, antibiotiki ambayo karibu yote hubaki utumboni bila kuingia kwenye damu, inamezwa siku 14 kisha basi. Majaribio makubwa mawili yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kwamba katika kila watu 100 waliopewa, kama 41 walipata nafuu ya kutosha. Katika kila 100 waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, waliopata nafuu hiyo hiyo walikuwa kama 32. Tofauti ni watu 9. Na kwa Marekani siku hizo 14 zinapita dola 1,000 kwa anayelipa mwenyewe, wakati India wanaitengeneza kwa bei ndogo zaidi. Kama nyongo ikithibitika siyo, hii inaweza kuwa mazungumzo kati yako na daktari. Haiwezi kuwa ya kwanza.

Wale 32 usiwapite haraka. Ndio wanaofanya dawa mpya za ugonjwa huu zisumbue kutafutwa. Boston kulifanyika jaribio lililochapishwa 2010: watu 80 wenye IBS, karibu nusu wakapewa vidonge na kuambiwa usoni kabisa kwamba havina dawa ndani. Baada ya wiki tatu 59 kwa kila 100 walisema wana nafuu ya kutosha, dhidi ya 35 ambao hawakupewa kitu. Hiyo haina maana kwamba ugonjwa ni wa kufikirika. Utumbo una mishipa yake ya fahamu inayozungumza na ubongo saa zote, na kuhudumiwa vizuri nako ni sehemu ya mazungumzo hayo. Lakini ina maana kwamba ukisikia mtu kwenye kundi la WhatsApp anasema "mimi ilinisaidia", bado hujasikia kitu.

Upya nao usikulevye. Februari 2000 Marekani waliruhusu alosetron kwa wanawake wenye IBS ya kuharisha, dawa iliyosubiriwa kwa hamu. Novemba mwaka ule ule ikaondolewa sokoni, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa utumbo ulikosa damu na wengine walifunga choo hadi kupelekwa upasuaji, na wengine walikufa. 2002 ikarudishwa kwa masharti makali, kwa sababu wagonjwa wenyewe waliililia. Ndugu yake wa upande wa kufunga choo, tegaserod, aliruhusiwa 2002, akatolewa 2007 kwa wasiwasi wa moyo, akarudi 2019 kwa wanawake wa chini ya miaka 65, kisha 2022 mwenye dawa akaacha kuiuza. Nikisikia "dawa mpya ya tumbo" huwa nauliza imekaa sokoni miaka mingapi.

Ajabu ni kwamba habari zilizonifurahisha zaidi miaka ya karibuni ni za dawa kuukuu. Amitriptyline ipo tangu 1961. Kwa dozi kubwa ni ya sonona, ndiyo maana watu wakiona jina wanasema wamepewa dawa ya wendawazimu. Watafiti wa Leeds, Uingereza, waliwapa watu 463 wenye IBS ambao tiba za kwanza zilishindwa, nusu amitriptyline ya miligramu 10 tu usiku, wakipandisha taratibu hadi 30, nusu kidonge kitupu. Matokeo yalitoka 2023. Baada ya miezi sita 61 kwa kila 100 walisema wamepata nafuu, dhidi ya 45. Kwa dozi hiyo inatuliza mishipa ya fahamu ya tumbo na kupunguza kasi ya utumbo, jambo linalomfaa anayeharisha. Inakausha mdomo na kuleta usingizi, na mwenye shida ya mapigo ya moyo hapewi ovyo. Bei yake hapa nyumbani ni ndogo sana ukilinganisha na mabegi ya Houston. Kama nyongo si tatizo lako, hii ndiyo ningependa daktari aifikirie kabla ya Xifaxan.

Vivyo hivyo ondansetron, ile wanayochomwa wanaotapika. Nottingham walijaribu kwa watu 120 wa IBS ya kuharisha, wakachapisha 2014: choo kilishikana na haraka ikapungua, maumivu hayakugeuka sana.

Na zinazokuja? Leuven, Ubelgiji, wameonyesha kwa panya, na kuona dalili zake kwa wagonjwa wachache, kwamba baada ya ugonjwa wa kuhara wa kuambukizwa ukuta wa utumbo unaanza kukichukia chakula cha kawaida kwa kumwaga histamini papo hapo tumboni. Wakajaribu ebastine, dawa ya mafua ya mzio. Jaribio lao la watu 202 lilionyesha faida, ila waliopona sawasawa walikuwa wachache. Usikimbilie Piriton, si kitu kimoja. Inayokuhusu zaidi imetoka Denmaki, 2022: watu 52 wenye kuharisha kwa asidi za nyongo, nusu wakachomwa liraglutide, ndugu wa zile sindano za kupunguza mwili zinazosemwa mjini. Nafuu iliyokusudiwa ilipatikana kwa 77 kwa kila 100, dhidi ya 50 waliopewa colesevelam, ambayo ni binamu wa ule unga. Ni watu wachache, sindano ni ghali, na unga haujajaribiwa kwako bado. Weka kwenye kumbukumbu tu.

Utapona? Kama ni nyongo, wengi wanaishi vizuri wakiwa kwenye unga, na baadhi baadaye huupunguza. Mfuko haurudi. Kama ni IBS, huja na kuondoka, na kuna miaka inaweza kukusahau.

Safari sasa, maana Kariakoo haisubiri vipimo. Acha kushinda na njaa siku nzima halafu ukashuka kwenye kituo cha chakula ukala chipsi kuku kwa hasira. Huko ni kuifungulia nyongo bomba. Kula kidogo kidogo vya kuchemsha, ndizi, viazi vitamu, wali mkavu, samaki wa kuchoma, mafuta yapungue. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni nunua upeleke nyumbani, ila siku ya safari usivitafune vibichi kwenye kachumbari. Vitunguu ni miongoni mwa vyakula ambavyo watafiti wa Monash kule Melbourne walivikuta vinachachuka na kujaza gesi kwa watu wenye matumbo kama lako. Saa moja kabla ya basi, kidonge kimoja cha loperamide cha miligramu 2, ndiyo ile Imodium, na kingine mfukoni. Usizidishe bila daktari, kwa kuwa ikizidi sana inavuruga mapigo ya moyo, na usiitumie siku ukiwa na homa au damu kwenye choo. Ukianza unga, loperamide itangulie saa moja. Kata kiti karibu na mlango, na konda mwambie mapema, tena kabla ya Mikumi, akupe nafasi ya mwisho ya kuchimba dawa. Wamesikia makubwa zaidi.

Shangazi mwambie umeacha mizizi kwa sababu daktari amekataza kuchanganya. Mwachie heshima yake.

Mdogo wako mpigie leo, usimwandikie, atadhani umekasirika. Mwambie badala ya begi la dawa akulipie vipimo na pakiti za ule unga za miezi miwili. Xifaxan asubiri. Linzess na Ibsrela aziache huko. Viberzi, kama ameshainunua na hawaipokei kurudishwa, akaikabidhi duka la dawa waiteketeze, asimpe rafiki yake "aje nayo tu, huenda ikamfaa mtu".